Ilimu ya Kilimo Hai Ughaibuni, na Mboji ya Masika

Wazazi wengi ambao vijana wao wamekwenda Ulaya kusoma kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea za viwandani wala dawa za sumu, huuliza kama ilimu ya nchi za baridi ina manufaa yoyote kwa mkulima wa Muheza au Morogoro. Na jawabu langu ni kwamba manufaa yake ni makubwa, kwa sharti kwamba kijana arejee akijua sababu za mambo, si taratibu zake peke yake.

Huko Witzenhausen, Ujerumani, mwaka 1898 kiliasisiwa chuo cha kuwafunza vijana wa Kijerumani ukulima wa makoloni, na Tanganyika yetu ilikuwa miongoni mwa nchi walizokusudia kuja kuzilima. Leo katika mji huo huo Chuo Kikuu cha Kassel hufundisha kilimo hai, na darasani huketi wanafunzi wa nchi za joto, jambo ambalo kwangu ni la kufurahisha sana.

Lakini somo lenye uzito zaidi liko Therwil, karibu na Basel, Uswisi, ambako tangu mwaka 1978 vipande vya shamba moja hulimwa kwa njia mbalimbali, za kilimo hai na za kilimo cha kawaida, ubavu kwa ubavu. Hesabu ya miaka 21, iliyotangazwa mwaka 2002, ilionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai yalikuwa pungufu ya yale ya kilimo cha kawaida kwa takriban asilimia 20, ilhali mbolea na nishati zilizotumika zilipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na dawa za sumu kwa asilimia 97. Mwenye kumwahidi mkulima mavuno tele bila kumtajia upungufu huo hamtendei haki. Na maadamu udongo na jua letu ni vingine, majaribio ya namna hiyo yalianzishwa Chuka na Thika, Kenya, mwaka 2007.

Wazungu hurutubisha ardhi kwa kupanda majani ya jamii ya kunde na kuyaacha shambani hata miaka miwili. Sisi wenye ekari chache hatuna wasaa huo, bali tunayo marejea, kunde na mbaazi, ambazo huweza kupandwa kati ya mistari ya mahindi. Kadhalika biwi la mboji: kwao hukingwa na baridi na mvua nyingi, kwetu adui ni jua.

Basi kaskazi ivumapo, chagueni kivuli cha mwembe, mpange mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji mpaka konzi ikikamuliwa itoe matone machache tu. Kisha lifunikeni biwi kwa majani ya migomba. Chomekeni kijiti katikati: kikitoka na joto, kazi inakwenda, kikitoka kikavu, ongezeni maji. Geuzeni kila baada ya majuma mawili au matatu, na biwi la Januari aghalabu huwa tayari masika yaanzapo.

Tieni konzi mbili katika kila shimo la mahindi, lakini mistari michache iacheni bila mboji, na mavuno ya kila upande, kwa mistari iliyo sawa kwa idadi na urefu, yapimwe kwa debe lile lile.