Vitamini C kwa Mama Mjamzito na Mtoto Mchanga

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiba yake haidumu muda mrefu. Kwa hiyo mtu hana budi kuipata katika chakula. Mtoto aliye tumboni hana chanzo kingine isipokuwa damu ya mama yake.

Kazi ya vitamini C

Vitamini C huwezesha mwili kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoimarisha ngozi, mifupa, fizi na kuta za mishipa ya damu. Pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Upungufu mkubwa huleta kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, vidonda huchelewa kupona, na viungo huuma.

Kutoka kwa mama hadi kwa mtoto

Wakati wa ujauzito kiwango cha vitamini C katika damu ya mama hushuka, kwa kuwa majimaji ya damu huongezeka na kondo la nyuma huipeleka vitamini hiyo kwa mtoto. Ndiyo maana damu ya kitovu, ikipimwa wakati wa kujifungua, kwa kawaida huwa na kiwango kikubwa kuliko damu ya mama. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mtoto yu salama mama anapopungukiwa. Mama mwenye kiwango kidogo huelekea kuzaa mtoto mwenye akiba ndogo.

Baada ya kuzaliwa, mtoto huipata vitamini hiyo katika maziwa ya mama. Mwaka 1883, daktari Thomas Barlow wa London alieleza kiseyeye cha watoto wachanga, ambacho kiliwapata hasa waliolishwa vyakula vya viwandani badala ya maziwa ya mama.

Mama ale nini?

Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yamependekeza miligramu 55 kwa siku kwa mjamzito na 70 kwa anayenyonyesha. Gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200. Machungwa, mapapai, maembe, pilipili hoho na mboga za majani pia ni vyanzo vizuri. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, kwani vitamini C huharibiwa na moto na huyeyukia katika maji. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia ufyonzaji wa madini ya chuma.

Kwa mhudumu wa afya

Vitamini C huharibika upesi katika sampuli ya damu isiyohifadhiwa vizuri. Kwa hiyo kumuuliza mama alichokula juma lililopita ni hatua ya kwanza yenye manufaa. Fizi kutoka damu si ushahidi wa kiseyeye peke yake, kwani mabadiliko ya homoni za ujauzito huweza kusababisha hali hiyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge vya vitamini C na E kwa wajawazito wote kwa lengo la kuboresha matokeo ya uzazi. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki viendelee kutumiwa kama kliniki inavyoelekeza.

Hitimisho

Akiba ya mtoto huanza katika sahani ya mama. Familia inayomhakikishia mjamzito tunda na mboga kila siku humlinda yeye na mtoto pamoja.