Mafunzo Niliyopata Nikimtafutia Mdogo Wangu Soshowaka

Kwetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, ukitaja soshowaka akina mama hushusha sauti. Wanamjua kama mtu anayekuja kuchukua watoto. Basi mdogo wangu alipokosa usingizi wiki ya tatu mfululizo, na daktari akatuambia tutafute soshowaka wa tiba, alinigeukia tukiwa bado kwenye maegesho: "Dada, kwani nimefanya kosa gani?"

1. Jina moja, kazi mbili. Yule wa kaunti anayefuatilia usalama wa watoto ni mmoja. Huyu wetu ni mwingine: anakaa na mgonjwa na kumtibu kwa mazungumzo, iwe ni sonona, msiba au mambo ya vita. Dawa haandiki. Ana shahada ya uzamili, na hapa Minnesota lazima afanye kazi saa zisizopungua 4,000 chini ya msimamizi, kisha, kwa kawaida, afaulu mtihani, ndipo aruhusiwe kutibu akijitegemea. Nilimweleza mdogo wangu haya tukimenya viazi. Hakujibu, lakini alimaliza sufuria nzima.

2. Kila jimbo na herufi zake. Binamu yetu wa Houston alinisisitizia nitafute LCSW, yaani soshowaka wa tiba mwenye leseni. Nikapoteza siku mbili nikiwaruka watu wazuri, kwa sababu Minnesota cheo hicho huandikwa LICSW, na Ohio ni LISW. Ukiona LGSW, usikimbie: huyo amehitimu na anatibu chini ya usimamizi. Muulize tu msimamizi wake ni nani. Anayekasirika kwa swali hilo, huyo ndiye wa kukimbia.

3. Leseni huangaliwa kwenye daftari la bodi, si kwenye kadi ya mtu. Hapa ndipo nilipoumia. Kuna bwana tuliyeelekezwa baada ya ibada, mpole, suti imenyooka. Kadi yake ilikuwa na namba ya tarakimu kumi, nami nikaamini ndiyo leseni. Nikalipa dola 90 taslimu za kikao cha kwanza. Usiku nikaja kugundua kwamba ile ni NPI, namba ya kudaia malipo ya bima. Hata kampuni ya ambulansi huwa nayo. Nikaingia kwenye tovuti ya Bodi ya Ustawi wa Jamii ya Minnesota, ambako kutafuta jina ni bure. Nikaandika jina lake kwa tahajia mbili. Hakuna. Nilipompigia alisema "amesomea mambo ya saikolojia." Nikamshukuru, nikaghairi. Hela haikurudi, na kanisani tunasalimiana kama kawaida.

Kwenye daftari hilo soma vitu vitatu: aina ya leseni, kama iko hai na inaisha lini, na kama bodi imewahi kumchukulia hatua za nidhamu. Hilo la tatu watu hulipita haraka, na ndilo ningeanza nalo.

4. Orodha ya bima imejaa majina yaliyokwisha hama. Nilipiga simu 11, wakabaki wawili. Kwa simu hiyohiyo uliza kama anapokea wagonjwa wapya. Kama atatibu kwa video, awe na ruhusa ya jimbo ulilomo wewe. Alipo yeye pekee hakutoshi.

5. Mkalimani anaweza kuwa jirani. Kliniki ya mmoja wa wale wawili ilitutafutia mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mlango ukafunguka, kumbe ni mama tunayeimba naye kwaya! Mdogo wangu akasema kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba anaumwa mgongo. Wiki iliyofuata tukaomba mkalimani wa simu, wa jimbo lingine, asiyetajiwa majina yetu.

6. Siri ina sheria yake, na leseni imo ndani. Mwaka 1996, katika kesi ya Jaffee na Redmond, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mazungumzo ya tiba kati ya askari polisi wa Illinois na soshowaka wake mwenye leseni hayawezi kulazimishwa kutolewa mahakamani. Yule bwana wa dola 90 asingekuwa na kinga hiyo. Lakini siri ina mipaka: akisikia mtoto anateswa, au mtu yuko hatarini kuuawa, soshowaka hanyamazi. Wetu alilisema hilo dakika ya kwanza, kabla hajauliza lolote. Mdogo wangu alikaa kimya, kisha akavua koti.

Sijui wanaongea nini, na siulizi. Alhamisi saa kumi jioni namkuta mlangoni amekwisha vaa viatu vya theluji, funguo za gari langu mkononi. Leseni ya soshowaka wetu inaisha mwakani. Tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku ya kulipia bima ya gari.