Somo la Biashara: Rekodi za Duka Zikae Wapi?

Biashara nyingi, kuanzia maduka ya dawa za mifugo hadi saluni na studio za picha, zimeacha daftari na kuhamishia rekodi zao kwenye kompyuta. Hatari nayo imehama pamoja nazo. Kompyuta ikikataa kuwaka Jumatatu asubuhi, mwenye duka anaweza kununua nyingine, lakini orodha ya wanaodaiwa haiuzwi popote. Stakabadhi za kodi pia zimo humo, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka zitunzwe kwa miaka mitano.

Chombo kilichozoeleka ni diski ngumu, ile yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kugusa. Kampuni ya IBM ilitoa ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na ukubwa wa friji mbili na ilibeba takriban megabaiti 5, yaani picha moja au mbili za simu ya leo. Siku hizi kuna diski za aina hiyo zinazobeba zaidi ya terabaiti 30. Udhaifu wake ni kwamba ina vipuri vinavyotembea: ikianguka ikiwa inafanya kazi, au stima ikipotea ghafla mara kwa mara, inaweza kuharibika.

Kompyuta mpya nyingi sasa huja na SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Data hukaa ndani ya chipu, kama kwenye flashi. Diski ngumu ya kompyuta ya mkononi husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida hufikia 500, na zile za NVMe hupita 3,000. Kwa hiyo kazi ya gigabaiti 50 inayochukua zaidi ya dakika nane kwenye diski ngumu humalizika kwa chini ya dakika mbili kwenye SSD ya kawaida. Kompyuta kuukuu inayochelewa kuwaka mara nyingi hupona kwa kubadilishiwa diski tu, na fundi wa mtaani anaweza kazi hiyo.

Hata hivyo, diski ngumu inayokufa mara nyingi hutoa ishara: hugongagonga au huwa nzito. SSD yaweza kunyamaza ghafla, na faili iliyofutwa humo ni vigumu sana kuirudisha. Pia haifai kuachwa kabatini miezi mingi bila umeme, hasa ikiwa imechakaa, kwa kuwa data huweza kufifia.

Kuna wanaoogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli chipu huchakaa, na watengenezaji wameongeza uchakavu huo kwa kubana biti tatu au nne katika kila seli ili bei ishuke. Lakini hesabu inatuliza. Diski yenye dhamana ya kuandikiwa terabaiti 600, ikitumiwa na duka linaloandika gigabaiti 20 kwa siku, itachukua zaidi ya miaka 80 kufikia kiwango hicho. Kitu kingine kitaiua kwanza.

Kamera za usalama ni habari tofauti. Kamera nne, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, huandika takriban gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa ndani ya siku sita, kisha mashine huanza kufuta picha za zamani. Mwenye duka anayegundua wizi baada ya wiki mbili hatakuta kitu. Anayetaka picha za mwezi mzima anahitaji zaidi ya terabaiti 5, na hapo diski ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera bado ndiyo nafuu.

Tahadhari kubwa ni kuhusu flashi na kadi bandia. Flashi ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana haina terabaiti 2. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kuidanganya kompyuta, nayo hupokea kila faili bila kulalamika. Ikishajaa, faili mpya hufuta za awali au hupotea zenyewe, ingawa majina yote yanaonekana. Mnunuzi aijaze kwanza kwa faili zisizo na thamani, aichomoe, kisha aijaribu kwenye kompyuta nyingine. Programu za bure kama H2testw na F3 hufanya kazi hiyo.

Chombo chochote kitakachochaguliwa, nakala moja haitoshi. Kanuni inayotumika na mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Diski ya akiba ichomolewe baada ya kunakili, kwa sababu virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hushambulia pia kila kilichounganishwa. Nakala ya nje inaweza kuwekwa mtandaoni, ila mwendo wa intaneti uangaliwe: kupandisha gigabaiti 100 kwa megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 44. Ni heri kuanza na vitabu vya hesabu, picha zifuate usiku.

Rekodi za wateja zina sheria yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikivuja na kuwaweka katika hatari ya kudhurika, biashara inayozimiliki inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo kabla ya kuuza kompyuta ya zamani, kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Diski ngumu iandikwe upya yote kwa programu ya kusafishia, SSD isafishwe kwa amri ya mtengenezaji, na iliyokufa ivunjwe au itobolewe kabla ya kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.