Nuru Isaidiayo Kichocheo

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia shuleni, nataka kuwaeleza habari za gesi tatu zilizo kama ndugu wa tumbo moja. Kila moja ina atomu mbili za kaboni. Tofauti yao ni hidrojeni. Asetilini, ile wanayoichoma mafundi wa kulehemu vyuma, ina atomu mbili za hidrojeni. Ethilini, ile itokayo katika ndizi zinapoiva, ina nne. Ethani ina sita.

Viwanda vya plastiki hutaka ethilini. Hupatikana kwa kupasha mafuta na mvuke joto la digrii 800 hivi, lakini asetilini kidogo hutoka pamoja nayo. Hiyo kidogo ndiyo adui, maana huharibu dawa igeuzayo ethilini kuwa plastiki. Basi hutiwa hidrojeni ili asetilini igeuke ethilini. Hapo ndipo penye mtihani: kazi ikipita kiasi, ethilini yenyewe hugeuka ethani, na mali hupotea. Mtaka yote hukosa yote.

Gesi hizi hazishikani upesi bila kichocheo, yaani kitu kiharakishacho kazi nacho chenyewe kisiishe. Mfaransa Paul Sabatier alionyesha mwaka 1897 kwamba unga wa nikeli waweza kazi hiyo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Siku hizi viwanda hutumia paladi, mara nyingi pamoja na fedha ili kuipunguza ukali.

Mwaka 2016 wataalamu wa Rice University, mjini Houston, Marekani, wakiwamo Naomi Halas na Peter Nordlander, walitangaza njia nyingine. Walitwaa chembe za alumini zisizoonekana kwa macho, wakazipachika vipande vidogo zaidi vya paladi. Alumini hunasa nuru kama eriali ya redio inasavyo mawimbi: elektroni zake hutikisika pamoja, na nguvu ile hupita kwenye paladi, ambako gesi hukutana. Alumini peke yake si kichocheo chema. Paladi peke yake hainasi nuru vizuri. Ziliposhirikiana na kumulikwa, fungu la ethilini, likilinganishwa na ethani, lilikuwa kubwa kuliko gizani.

Naona hapa fundisho kubwa: ufundi si kuongeza nguvu tu, bali kujua pa kusimama.

Sasa chukueni kalamu. Asetilini ni C₂H₂. Andikeni hatua mbili za kuongeza H₂, kisha mseme ni ipi mwenye kiwanda anaiogopa, na kwa nini.