Pima hamira, ugali uachie mkono

Mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek hakubali majani yake mabichi yakisiwe kwa macho. Kituoni yanatundikwa kwenye mizani, na kilo moja ikipotea kutakuwa na maneno. Akifika nyumbani, mkulima huyo huyo anamimina majani chai kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, na chai inatoka nzuri.

Hajajipinga. Chai ya maziwa, ugali na mboga ya isagek ni vyakula vinavyosahihishika vikiwa bado motoni. Rangi ikipauka, unaongeza majani. Ugali ukilegea, unaongeza unga. Tena kwa ugali kikombe kinaweza kukupoteza, maana unga wa posho mill usiochekechwa una pumba na hunywa maji mengi kuliko ule mweupe wa pakiti. Hapo mwiko unajua zaidi.

Waonjaji wa chai ndio hawakisii. Utaratibu wao wa kimataifa ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Wanafanya hivyo kwa sababu wanalinganisha chai na chai na kutafuta kasoro, wala si kwa sababu chai hiyo ni tamu. Kwa kipimo hicho, chupa ya lita 2 ingemeza gramu 40, na wageni wangekuuliza kama una ugomvi nao.

Pima, basi, kile usichoweza kukirekebisha: hamira, beking pauda, chumvi ya kwenye unga, maji ya keki. Hamira ikishakandwa haitoki. Na katika milima hii ya Kericho kuna sababu nyingine. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiukandamizi unga sana, kwa hiyo mandazi na mkate huumuka haraka, kisha hubonyea. Ukitumia maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa pwani, anza kwa kupunguza robo ya hamira, uone.

Muda, lakini, usiuamini. Mwinuko wa mahali unaharakisha, baridi ya asubuhi inachelewesha, na saa ya ukutani haijui ni kipi kimeshinda leo. Angalia donge lenyewe: likifika mara mbili ya lilivyokuwa, choma. Maharagwe ni vivyo hivyo. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, hivyo saa moja ya kitabu haitoshi. Yaloweke usiku, kisha bonyeza punje kwa vidole kabla ya kuepua.

Kama huna mizani, pakiti ya unga ya kilo 2 inatosha. Chukua kikombe utakachokitumia siku zote, jaza kwa kijiko bila kushindilia, sawazisha kwa mgongo wa kisu, halafu hesabu vikombe hadi pakiti iishe. Vikitoka 16, kikombe chako ni gramu 125. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitako chake. Ukishindilia unga, hesabu yote inaharibika, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Kwa maji na maziwa, chupa tupu ya soda ya nusu lita ni kipimo kizuri. Kijiko cha hamira kiwe cha kusawazisha. Kijiko cha mlima hubeba karibu mara mbili.

Unaweza pia kulifunza jicho. Mwaga chumvi kiganjani kama kawaida yako, kisha ihamishie kwenye kijiko cha chai uone ni kiasi gani. Mtoto akikuuliza atie kiasi gani, utakuwa na jibu lingine zaidi ya "kiasi tu".

Kukiwa na harusi au harambee, jihadhari na kuzidisha. Mchele ukiuongeza mara kumi, maji yasiongezeke mara kumi, kwa kuwa sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke mara kumi ya ile ndogo. Punguza kidogo, na weka birika la maji ya moto kando ya meko kwa ajili ya kuongezea.