Kunyata, Kuvizia na Kulaghai: Msamiati wa Hukumu katika Maoni ya Wachezaji wa Sly Cooper

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha ambayo kwayo msemaji wa Kiswahili anaweza kutoa maoni kuhusu mchezo wa video ambao wahusika wake ni wanyama na ambao ushindi wake hupatikana kwa mwendo wa siri. Mfano tuliouchagua ni Sly Cooper, uliotungwa na kampuni ya Sucker Punch ya Marekani kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, na ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Mazingira ya kilugha tunayoyazingatia ni ya Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mashariki ya jiji la Arusha. Hapo kijana hukulia kati ya Kimeru cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi na cha mtaani, na Kiingereza cha shule ya sekondari.

Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Kinachopungua ni mazoea ya kuyatumia. Aidha, tutaonyesha kwamba tofauti ndogo baina ya vitenzi vinavyokaribiana ndizo zinazobeba hukumu ya mchezaji; akizipoteza, hukumu yenyewe hufifia. Sentensi za mfano zimetungwa na mwandishi kwa madhumuni ya uchambuzi.

2.0 Mchezo na Hukumu Zake

Mhusika mkuu wa mchezo huu ni rakuni, mnyama wa Amerika mwenye weusi kuzunguka macho mithili ya kinyago. Ni mwizi wa ukoo wa wezi, lakini kwa desturi ya ukoo huo huwaibia wahalifu tu. Wenzake ni kobe anayepanga mikakati na kiboko mwenye nguvu. Anayemfuatia ni mbweha wa kike ambaye ni askari wa upelelezi. Adui mkubwa wa toleo la kwanza ni bundi wa chuma.

Ifahamike kwamba wahusika hawa hawamfikii kila mchezaji kwa uzito uleule. Rakuni hana jina la Kiswahili wala nafasi katika ngano zetu, hivyo huhitaji kuelezwa. Kobe, kwa upande mwingine, ni mhusika wa zamani: ndiye mpole anayemshinda mwenye mbio. Naye bundi, ambaye kwa watu wengi wa Afrika Mashariki ni ndege wa mkosi, hahitaji utangulizi wowote ili aogopwe.

Maoni ya wachezaji kuhusu matoleo ya mchezo huu yanaweza kugawanywa katika makundi machache. Toleo la mwaka 2002 lilisifiwa kwa michoro yake inayofanana na katuni, na likalaumiwa kwa ufupi. Katika toleo hilo pigo moja humwangamiza rakuni, isipokuwa awe amepata hirizi ya kiatu cha farasi. Toleo la mwaka 2004 lilipanua maeneo ya kutembea, likamwezesha mchezaji kumwongoza kobe na kiboko, na likaleta uchomoaji wa vitu mifukoni mwa walinzi. Toleo la mwaka 2005 liliongeza michezo ya aina nyingi, ikiwemo ya ndege na merikebu. Wengine waliufurahia wingi huo, ilhali wengine waliona kwamba siri imepungua. Toleo la mwaka 2013, lililotengenezwa na kampuni ya Sanzaru Games, liliacha kisa kikining'inia, jambo ambalo liliwaudhi wachezaji wengi.

3.0 Vitenzi vya Mwendo wa Siri

Swali linalojitokeza ni hili: mchezaji anayelalamika kwamba "siri imepungua" anasema nini hasa? Kiswahili kinamlazimisha achague. Kunyata ni kutembea polepole na kwa uangalifu ili usisikike. Hutaja namna tu, bila shabaha. Kunyatia huongeza mwelekeo: ni kunyata kukifuata kitu. Kunyemelea huongeza dhamira, kwani anayenyemelea anataka kukamata au kutwaa. Kuvizia ni kungoja mafichoni hadi mlengwa apite. Kujibanza ni kujificha kwa kujibana dhidi ya kitu kama vile ukuta. Tulinganishe:

(1) Nilimnyemelea mlinzi.
(2) Mlinzi alinivizia.
(3) Toleo hili halina kunyemelea. Lina kujificha tu.

Katika (1) mwendo ni wa mtendaji na mtendwa ametulia. Katika (2) hali ni kinyume: mtendaji ametulia na mtendwa ndiye anayekwenda. Sentensi ya (3) ni hukumu kamili ya kihakiki. Inaukubali uwepo wa maficho, lakini inaukana ule mvutano wa kumkaribia adui ambao ndio kiini cha mchezo. Neno moja la mkopo lingezifuta tofauti hizi zote.

Kwa sababu hiyo, tunapendekeza aina hii ya michezo iitwe michezo ya kunyemelea. Istilahi hii inakusanya usiri, mwendo na dhamira kwa pamoja, na haihitaji kuundwa upya.

Pana jambo jingine la kuzingatia. Msamiati huu ni wa wawindaji, na uwindaji umekwisha kuwa jambo la mbali kwa kijana wa Meru. Msitu ulio juu ya vijiji umo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Arusha mwaka 1967. Neno lililopoteza uwanja wake huishi kwa kupata uwanja mwingine. Watoto walikwisha kulipatia uwanja huo katika kombolela, mchezo wa kujificha ambao aliyefichwa hurudi kituoni kwa kunyata ili awakomboe wenzake waliokwisha kukamatwa. Kwa hiyo kijana anayeshika kidhibiti cha mashine tayari anazo kanuni za mchezo na maneno yake.

4.0 Ujanja: Sifa au Lawama?

Neno mjanja lina pande mbili: husifu akili na hulaumu udanganyifu. Muktadha ndio unaoamua. Katika "Kisa cha Punda wa Dobi", kilichochapwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, kima anayepelekwa kuuawa na papa hujiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Huu ni ulaghai, yaani hila ya maneno, na msikilizaji huufurahia kwa kuwa mnyonge amempita mwenye nguvu.

Rakuni wa Sly Cooper ni mjanja wa namna nyingine. Anapowapita walinzi hila yake imo miguuni: hupita juu ya paa, hujibanza, huchomoa. Kumwita mlaghai ni kosa la kisemantiki, japo tafsiri ya haraka ingeweza kutufikisha huko. Hali kadhalika, kumwita mwizi bila nyongeza kunaondoa kinga ya kimaadili ambayo watungaji wamempa. Mchezaji asemaye "ni mjanja" anatumia neno linaloruhusu wizi dhidi ya mwizi bila kuuhalalisha wizi wenyewe.

5.0 Nafsi na Lawama

Hatimaye tuangalie viambishi vya nafsi.

(4) Nilinyata darini, nikaonwa, nikafa.
(5) Nilibonyeza mapema, lakini hakuruka.
(6) Kobe anakwenda polepole mno.

Katika (4) mchezaji na mnyama ni nafsi moja; hata kifo ni cha "mimi". Katika (5) nafsi imepasuka: ni- ametimiza wajibu wake, a- amemwangusha. Mpasuko huu ni alama ya kisarufi ya lawama. Pale mchezaji anapohisi kwamba kosa ni lake, hubaki na ni-. Pale anapohisi kwamba kosa ni la watungaji, humsukumia mnyama nafsi ya tatu. Sentensi ya (6) inaonyesha kwamba wahusika wanapokuwa watatu, mmoja wao huweza kutazamwa kwa mbali, kama chombo kinachopimwa. Mtafiti wa maoni ya wachezaji hana budi kuhesabu viambishi hivi kabla ya kuhesabu vivumishi vya sifa.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba hukumu kuhusu mchezo wa kunyemelea hukaa katika vitenzi vya mwendo, katika pande mbili za neno ujanja, na katika uhamaji wa nafsi kutoka ni- hadi a-. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta data wanaweza kuikusanya katika vibanda vya michezo vya Tengeru na Arusha, ambamo mazungumzo hayana urasmi. Waundaji wa istilahi nao wanashauriwa wasikilize kwanza kabla ya kubuni, kwani wakichelewa, kitakachopotea ni uwezo wa kijana wa kueleza kwa nini hatua moja ilimpendeza na nyingine ikamchosha.