GPS ya mkononi: ya zamani au mpya?

Mwekezaji anayenunua shamba kwa vipimo vya GPS ya mkononi aulize kwanza umri wa chombo. Hadi Mei 2000 Marekani ilivuruga kwa makusudi ishara za raia, na kosa likafikia mita 100. Uvurugaji ulipokoma, hata Garmin GPS 12 ya miaka ya 1990 ilipata nafuu ghafla, bila kubadilishwa chochote! Lakini chini ya miembe hupoteza setilaiti. GPSMAP 60CSx ya 2006 huzishika. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Mpaka mmoja ukisogea mita 5, mita za mraba 320 zimepotea. Chombo kipya nacho hukosea mita kadhaa. Kwa kiwanja kidogo, mwite mpima ardhi.